Hodi ya Kiarash

Karakana nzima ilimjua kwa jina la Mahrokh. Ndilo jina alilopewa na bibi yake mzaa baba, na ndilo lililoandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye cherehani yake, ya tatu kutoka dirishani. Lakini kifuani mwake alikuwa mwanamume, Kiarash, tangu utotoni, tangu siku za kulia akivalishwa gauni la sikukuu. Na sasa hata mahakama ya mji wao wa Qazvin ilikuwa imesema hivyo. Kwa siku kumi na moja alitembea na kitabu kipya cha kitambulisho mkobani, chini ya mkate na jibini, amekifunga kwa mfuko wa nailoni kisilowe mafuta. Basi nasi tutamwita Kiarash, ingawa siku hizo hakuwapo wa kumwita hivyo ila mama yake, naye kwa sauti ya chini.

Walishona sare za shule. Wanaume walikuwa chini, wakikata vitambaa. Juu ni wanawake peke yao. Asubuhi kila mmoja akishavuka pazia zito la mlangoni, hutundika mtandio wake kwenye msumari, akatikisa nywele, akavuta pumzi. Msumari wa saba ulikuwa wa Kiarash, mwaka wa tisa huo. Hapo ndipo hofu yake ilipokaa. Matusi aliyazoea. Alichoogopa ni kuamka siku moja akakuta kiti chake kimekaliwa na mtu mwingine, na wale aliocheka nao miaka yote wakimpita barabarani kama wasiomjua.

Siku ya Jumatatu, wakati wa chai, Manizheh wa vifungo aliinua simu yake juu.

"Jamani, mmemwona huyu? Yule mchezaji wa voliboli, mrefu yule. Kasema mbele ya watu kwamba yeye ni mwanamume. Kapata na kibali cha mahakama. Tazameni ndevu!"

Wakamzunguka. Kiarash alibaki kitini, akichovya sukari kwenye chai mpaka ikamong'onyoka yote mkononi.

"Ndevu zenyewe tatu," mmoja akasema. "Mume wangu ana miaka arobaini na hana hata hizo."

Wakacheka. Manizheh hakucheka. "Mnacheka nini? Mtu kakaa na wasichana miaka chungu nzima. Kavua nao, kaoga nao. Ningekuwa mimi ningemtia kucha za macho."

"Kibali kipo, daktari yupo, sheria ipo," akasema Nastaran, aliyekaa cherehani ya jirani, mtoto wake Hasti amelala ndani ya boksi la nyuzi miguuni pake. "Sasa wewe kinakuwasha nini?"

"Kinaniwasha kichwa changu! Kichwa changu nimekifunika tangu nina miaka tisa. Mtu akikiona bila ridhaa yangu, kusamehe ni kwangu, si kwa mahakama."

Wote wakamgeukia Bi Effat, mkubwa wao, ambaye alipasi kola na kusali sala zake zote kwa wakati. Bi Effat alipuliza chai yake.

"Mungu ndiye ajuaye alivyomuumba," akasema. "Mimi neno langu ni moja. Aliwaomba wenzake radhi? Mtu ukimkanyaga mwenzio gizani unasema samahani, hata kama giza hukulileta wewe." Kisha akageuka. "Mahrokh mwanangu, mbona hunywi? Koo bado?"

"Bado, Bi Effat."

"Miezi mitatu! Hilo si koo, hilo ni zumari lililopasuka. Ngoja."

Akamletea glasi ya maua makavu yaliyochemshwa na sukari mawe, kama kila siku tangu sauti yake ilipoanza kukwaruza. Kiarash akainywa yote kama mwizi anayelishwa na mwenye nyumba. Yeye alijua dawa iliyoifanya nzito sauti hiyo. Alichomwa sindano yake kila baada ya wiki tatu, na hakuna maua ya kuirudisha sauti ile.

Siku hiyo alishona kola kumi na nne kinyume, ndani nje. Tangu aanze kazi hakuwahi kukosea hata mbili.

Juma lile lote maneno hayakuisha. Asubuhi alikuwa yule mchezaji, mchana yule mchezaji. Na kila neno Kiarash alilipima: hili linanifungulia, hili linanifungia. Jumanne walimtania mchezaji huyo. Jumatano simu ikaonyesha mama wa mchezaji, mwanamke mnene aliyejitanda chadari, kamshika mwanawe mkono. "Uchungu ule ule," Nastaran akasema polepole, akimtazama Hasti. "Ukishauzaa uchungu, utauweka wapi?" Kiarash akaona kifua kinampanuka. Lakini pale pale Manizheh akasema, "Kwa mama yake sawa. Kwa timu yangu, la," na kifua kikarudi palepale.

Alasiri ile Hasti aliamka akilia. Nastaran akafungua vifungo akamnyonyesha hapo hapo, kiwiko kikigusana na cha Kiarash. Kiarash akageuza uso dirishani, kama afanyavyo siku zote, akahesabu njiwa juu ya paa la mwoka mikate. Akafika njiwa wa ishirini. Moyo ulimwambia, mwambie sasa, huyu atakusikia. Kinywa kikafunguka.

"Nastaran..."

"Naam, mwaya?"

"Hasti anakua."

"Ananimaliza," akajibu Nastaran, lakini alimtazama kitambo kabla ya kurudi kwenye mshono.

Alhamisi mwenye karakana, Bi Zarrabi, akapanda ngazi na daftari. Bima ilikuwa inafanywa upya. Jumamosi, kila mtu na kitabu chake cha kitambulisho, bila kisingizio. "Nawe, Mahrokh, usiniletee kilichochanika kama mwaka jana."

Wakacheka, naye akacheka. Kile kilichochanika kilishachukuliwa na serikali. Alikuwa na kile kipya tu.

Ijumaa hakula. Mama yake alimwekea wali na mchicha na nyama, ukapoa, akaurudisha sufuriani. "Acha kazi, mwanangu," mama akasema. "Utashona hapa nyumbani. Kwani lazima uingie kinywani mwa simba?"

"Mama, si simba wale. Ningejua ni simba nisingeogopa hivi."

Jumamosi alichelewa kwa makusudi. Alisubiri chini mpaka aliposikia cherehani zote zinanguruma, ndipo akapanda. Ngazi ishirini na mbili. Akafika mbele ya pazia. Miaka tisa alilivuka bila kufikiri. Leo mkono ulikataa kulishika.

Mwanamume akitaka kuingia penye wanawake, huko kwao hasemi hodi. Husema "Ya Allah!" kwa sauti, ili walio wazi wajisitiri. Fundi wa cherehani husema, mleta vitambaa husema, hata mume wa Bi Zarrabi mwenye jengo husema.

"Ya Allah!" akaita Kiarash.

Sauti ilitoka nzito kuliko alivyotegemea. Ndani kukawa purukushani. Viti vikaburutwa, mitandio ikanyakuliwa misumarini, mtu akasema, "Fundi! Fundi kaja! Mtandio wangu uko wapi?" Upepo wa feni ukalipuliza pazia, na Manizheh akachungulia.

"Wee Mahrokh! Mungu akusamehe! Kumbe ni wewe unatuchezea na hilo koo lako!" Kicheko kikapasuka chumba kizima, na mitandio ikaanza kuvuliwa. "Ingia, mjinga wee, umetutoa roho."

Kiarash hakuingia.

"Msivue," akasema. "Sijakosea. Nawaomba msivue kwanza."

Cherehani ya mwisho ikazimika. Akauingiza mkono kando ya pazia na kile kitabu cha kitambulisho, akauacha hapo hewani. Mtu akakichukua. Akasikia karatasi zikifunguliwa, akasikia Nastaran akisoma polepole: "Kiarash."

"Kama yule wa kwenye simu?" mmoja akanong'ona.

"Kama yule." Kiarash akasogea karibu na pazia. "Nimewakanyaga gizani miaka tisa. Sikujua niseme vipi, wala jambo lenyewe niliite nini. Nawaomba radhi, kila mmoja kwa kichwa chake. Mkiniambia nishuke, nitashuka."

Pale kando ya pazia palibaki upenyo wa vidole vitatu, na katika upenyo ule alimwona Bi Effat. Mtandio wake ulikuwa tayari mabegani, kishauvua katika kile kicheko. Bi Effat akauinua polepole, akaufunga chini ya kidevu, akazificha na mvi za pembeni, moja moja. Kiarash aliona mlango unafungwa usoni pake. Na papo hapo furaha ikampanda, kwa sababu tangu azaliwe hakuna mwanamke aliyewahi kujifunika kwa ajili yake, kama ajifunikavyo kwa mwanamume.

"Miezi mitatu," akasema Bi Effat, "nakuchemshia maua."

"Yalikuwa matamu, Bi Effat."

"Nyamaza."

"Mimi nina neno," akasema Nastaran. "Kila nilipomnyonyesha huyu mtoto, alitazama nje. Kila siku. Nilidhani anaumia kwa kukosa wake. Kumbe alikuwa ananisitiri."

"Na siku tulizokuwa hatuoni anatazama wapi?" Manizheh akadakia.

Bi Effat akalifungua lile fundo kwa njia yake. Akawaambia wawili washike cherehani ya tatu, wakaiburuta hadi nje ya pazia, pale juu ya ngazi, waya wa umeme ukipita chini ya pazia. "Kaa hapo," akasema kwa ndani. "Kola tutakupa kwa huku. Mengine mwenye mali aseme."

Akakaa. Vitambaa vikaanza kusukumwa chini ya pazia, vya Nastaran kwanza, vya mwingine, vya mwingine. Mshono wa kwanza ukaruka. Akafumua, akaanza tena. Akasikia viatu vya Bi Zarrabi vinapanda, ngazi kwa ngazi.

"Hii nini? Nani kaweka cherehani njiani?"

Kabla hajajibu, sauti ya Bi Effat ikatoka nyuma ya pazia: "Sisi. Ni mwanamume. Ulitaka tumkalishe ndani?"

Mkono wa Nastaran ukatoa kitabu cha kitambulisho. Bi Zarrabi akakisoma, akamtazama Kiarash, akakisoma tena. Hatimaye akalifungua daftari lake, akalipiga mstari jina la Mahrokh, akaandika jipya juu yake kwa taabu, akiangalia herufi kitabuni.

"Shule zinafunguliwa baada ya wiki tatu," akasema. "Kola zisikwame. Ya mbele ya hapo sijui, usiniulize leo."

Akashuka. Kiarash akarudi kwenye mshono. Saa ya chai, glasi ikasukumwa chini ya pazia, bila maua, chai tupu na vipande viwili vya sukari. Akanywa, jicho likiwa kwenye ule ukingo wa chini wa pazia. Mafungu ya vitambaa ya wenzake wote yalikuwa yamefika, isipokuwa la Manizheh.