Pacha Wawili Kwenye Ukungu

Wifi yangu hapitwi na jambo. Jirani akibadilisha pazia, yeye anajua jipya limenunuliwa wapi na la zamani kapewa nani. Ndiyo maana nilipomtafutia kazi ya kufunika watu nyuso, kaka yangu alicheka mpaka akakohoa. "Mke wangu atunze siri?" akasema. "Labda mumzibe mdomo kwa gundi."

Kazi yenyewe iko kwenye jengo kubwa la maduka, ambako mimi hupokea wageni dirishani. Mtu akitaka video yake kutoka kwenye kamera za ulinzi, anapewa uso wake tu. Wengine wote waliopita hapo hufunikwa ukungu, labda mwenyewe aje atie saini kwamba karuhusu aonekane. Kompyuta inasaidia, lakini haina akili: inafunika sanamu za kuvalishia nguo na mtoto wa kwenye tangazo la sabuni, halafu inamwacha mtu mzima aliyegeukia pembeni. Kwa hiyo wifi anawafuata mmoja mmoja kwa kipanya, huku akiwahoji. "Wewe mama, viatu vya harusi asubuhi yote hii, unakwenda wapi?"

Siku moja akaja mlinzi wa shule, kofia mkononi. Mwalimu mkuu wake kaambiwa kwamba mlinzi huyo ndiye aliyevunja mlango wa kioo wa duka la dawa hapa kwetu, kisha akakimbia. Asipoleta ushahidi kufikia Ijumaa, kazi hana.

"Naomba picha yangu tu, dada," aliniambia. "Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ngazi."

Wifi akaifungua video, mara akaniita mbiombio. Wanaume wawili waliovaa jezi zinazofanana walikuwa wanagombana, na sura zao hazikuwa na tofauti hata chembe. Mmoja akasukuma toroli kwa hasira, kioo chote kikaporomoka. Mwingine akabaki kwenye ngazi, mdomo wazi.

"Ni pacha wangu," mlinzi akakiri tulipomuuliza.

Sasa amwache nani wazi? Akikosea, amemwanika mtu ambaye hakuomba kuonekana. Sijawahi kumwona wifi akiifurahia kazi namna ile. Aliirudisha video nyuma mara chungu nzima. Akamtembeza mlinzi ukumbini, akamgeuza huku na huku, nusura amkague meno. Mwishowe akaona kitu: yule wa kwenye ngazi alijikuna sikio kwa mkono wa kushoto. Akampa mlinzi kalamu, naye akaishika kwa kushoto.

"Nimekupata!" Wifi akapiga kofi. "Na mwenzio anatumia mkono gani?"

"Huohuo, dada."

Meneja akakata shauri kwamba wafunikwe wote wawili. Mlinzi akakabidhiwa video ya mawingu mawili yanayogombana.

"Mlete mwenzio atie saini, kaka," wifi akamsihi. "Kesho ndiyo Ijumaa."

Mlinzi akavaa kofia yake. "Nimwite ndugu yangu aje kujishtaki? Siwezi."

Mchana huo wifi hakula, na huyo si mtu wa kuacha sahani. Udadisi wote ulifunikwa na huruma. Mimi pia roho iliniuma.

Asubuhi, hata dirisha sijalifungua vizuri, nikaiona sura ileile.

"Umerudi tena, kaka?"

"Mimi sijawahi kufika ofisini kwenu," akasema. "Jana ndugu yangu alirudi na video, nikaitazama. Sote hatuna nyuso. Akaniambia haidhuru, atatafuta kazi nyingine." Akalisogelea dirisha. "Nasikia mnafunika watu. Mimi nimekuja mnifunue. Mwenye toroli ni mimi. Yule wa kwenye ngazi mwacheni aonekane, mwalimu mkuu wake amwone."

Wifi akamletea karatasi, jamaa akatia saini kwa kushoto. Wifi alikuwa amesimama karibu yake, midomo inamcheza, nami nikalijua swali lililokuwa limemkaa kooni tangu aione ile video: waligombania nini?

Akaufunga mdomo. Kisha akamvutia kiti. "Kaa hapo, kaka. Video itakuwa tayari sasa hivi."

Hakumuuliza, siku ile wala baadaye. Mpaka leo hatujui, na anayekosa usingizi ni mimi.