Viti Ishirini

Kiherehere changu nakijua. Mwaka ambao volkano ilimwaga moto Goma, mimi mwenyewe niliwahi kukaliwa kilio. Kule Bukavu, kwa shangazi, watu walilia siku mbili wakidhani nimekufa, na mimi niko Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, nakula maharage. Nilipofika mlangoni, chungu cha kilio changu kilikuwa bado motoni. Niliketi, nikala. Ungedhani mtu kama huyo amejifunza kusubiri.

Septemba ya 2017, jirani yangu wa ghorofa ya chini, hapa Anderlecht, huku Ulaya, alikuwa habandui macho kwenye simu. Amezaliwa Dominika, kisiwa kidogo cha Karibi, na mama yake aliishi huko peke yake, katika nyumba ya mbao mlimani. Jumapili kimbunga kilikuwa cha kawaida tu, cha kufungia madirisha. Jumatatu kikavimba. Jumanne tulipoamka kilikuwa kimekwisha kupita juu ya kisiwa kizima, kikiwa na nguvu za daraja la juu kabisa, na sasa kinaelekea Puerto Rico. Nyuma yake simu zilikaa kimya. Picha zilizopigwa kutoka angani zilionyesha milima isiyo na jani hata moja, kama kuku aliyenyonyolewa.

Siku ya tatu bila sauti ya mama yake, jirani aliacha kupika. Kwetu mtu akiacha kupika, tunajua la kufanya. Nilimpigia maman wa kanisani anayetunza viti vya plastiki vya vilio.

“Habari imefika?” akaniuliza. “Muntu amekufa kweli?”

“Bado, maman. Lakini ni siku tatu.”

Akaguna. “Bon. Viti iko vingt. Kuya uchukue.”

Nilivishusha vyote ishirini kutoka gari la kanisa, pamoja na sufuria ya maharage, mpaka mlangoni kwa jirani. Aliviangalia. Nikamweleza kwa Kifaransa kwamba kwetu hatumwachi mtu alie peke yake.

“Mama yangu hajafa,” akasema. “Ondoa.”

Akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza. Gari la kanisa lilikuwa limeshaondoka, kwa hiyo viti vilibaki vimepangana koridoni, kila mpangaji anavikwepa na kuuliza nani amefariki. Niliona haya mpaka nikawa napanda ngazi kwa kunyata.

“Weye!” mume wangu akacheka. “Si ulikulaka kilio yako mwenyewe?”

Kutangulia si kufika.

Jumapili, baada ya misa, jirani aligonga. Mama yake alikuwa amepiga kwa simu ya kuazima. Usiku wa kimbunga mama alijificha kwa jirani yake wa huko mwenye nyumba ya zege. Nyumba yake ya mbao imekwenda yote, paa na kuta, na alikuwa anaongea akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, maana kijijini hakukubaki hata kiti kimoja. Jirani alinieleza haya kwa sauti kavu, amesimama wima, mkono kwenye fremu ya mlango.

“Viti bado vipo?” akauliza.

Tuliviingiza vyote ishirini sebuleni kwake. Akavuta kimoja, akakaa, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama tunavyolilia wafu, na mama yake yu hai.

Nikavuta changu, nikaketi kando yake.