Mzee wa Nyumba ya Lichfield

Niliamini, na ningekula kiapo mbele ya kanisa zima, kwamba katika mji mdogo wa Lichfield, kule Uingereza, waandishi wakifa hawahami. Wanabaki majumbani mwao wakiandika, na mpangaji akilala chumbani mwao wanamnyonya pumzi kidogokidogo, mpaka awe mwembamba kama karatasi.

Habari hiyo niliipata mtaani kwetu La Rochelle, Johannesburg, mwaka 2016, katika saluni ya jirani yetu Papa Bahati, kati ya harufu ya spiriti na nywele zilizoungua. Yaya Furaha, dada yangu mkubwa, alikuwa ameenda Lichfield kutunza wazee. Alitutumia picha: kanisa kuu lenye minara mitatu iliyochongoka kama sindano za mama, sanamu ya mwandishi ameketi sokoni, mkono shavuni, kama anayengoja mtu, na nyumba alimopanga, ukutani kibao cha duara chenye jina la mwandishi aliyekufa enzi za mababu.

Papa Bahati alizima mashine ya kuninyoa. "Mutoto, kwetu Bukavu nyumba ikiandikwa ukutani, ujue iko na maneno, watu wanaigombania. 'Nyumba hii haiuzwi.' Mwenyewe hajatoka."

"Lakini alikufa, Papa."

"Ndiyo hatari yenyewe!"

Eish! Tangu hapo, kila Jumapili yaya alipopiga simu baada ya ibada, mimi nilisikiliza kilichokuwa nyuma ya sauti yake. Kengele zililia, kisha kikaja kimya cha kuyashinda makaburi yote ya Johannesburg. Na ndani ya kimya hicho, kwaru, kwaru, kama kalamu juu ya karatasi. Nywele zilinisimama, hata zile alizokwisha kuninyoa Papa Bahati.

"Yaya, mpe mzee wa nyumba salamu," nilisema kwa adabu, asije akakasirika. Yaya alicheka tu. Na kila picha mpya ilimwonyesha amekonda zaidi.

Krismasi nikapasuka. "Yaya, hama! Namsikia anaandika! Atakumaliza!"

Nikabana simu sikioni. Kwaru, kwaru.

Leo nimehitimu shule ya jioni, kwa kishindo kilichosikika hadi mtaa wa Hillbrow, na najua kwamba mtu anaweza kukonda bila mfu yeyote kumgusa. Lakini siku ile nililishika jibu lake nusu tu, nusu ya kunifurahisha.

"Hilo ni tawi la mti, linakwaruza dirisha," alisema. "Hamna mzee humu, mdogo wangu. Hamna mtu hata mmoja. Ndiyo maana napiga simu."