Kiti Kitupu Karibu na Mlango

Dada yangu aliporudi nyumbani kutoka chuo kikuu cha ng'ambo, mama alichinja kuku wawili. Nilipochapisha riwaya yangu ya kwanza, mama aliuliza kama ina mafunzo kwa vijana, kisha akaiweka juu ya kabati, karibu na redio, na hapo iko mpaka leo. Kwa hiyo wivu wangu haukuanza na mwanamume. Ulikuwa na mizizi mirefu kama mchai mzee: unaukata juu, unachipuka upya.

Mwanamume mwenyewe, mchumba wangu, ana kibanda cha kutengeneza simu mjini Bomet. Yeye ndiye msomaji wangu wa kwanza. Husoma miswada yangu katikati ya vioo vya simu vilivyopasuka, na akifika pahali panapompendeza huacha kidole hapo na kuniangalia. Mtazamo ule ndio mshahara wangu. Wiki ile watu wa kwao walikuwa wanakuja kwetu kwa koito, kuniposa rasmi, nami ningeulizwa mbele ya wazee kama nawajua wageni, yaani kama nawakubali. Jibu nilikuwa nalo. Kisha dada akafika.

Dada huchunguza jinsi ubongo unavyoyaelekeza macho. Asubuhi moja tulikuwa watatu shambani tukichuma chai kabla lori la majani halijapita, na mchumba wangu akamuuliza kazi yake ni gani hasa.

"Angalia mkono wako, shemeji," dada akasema. "Uko kwa kichipukizi hiki. Macho je?"

"Yako kwa kile kingine."

"Sasa, kabla macho hayajafika huko, ndani ya ubongo kuna seli zilizokuwa zimeshakichagua. Ni kama ramani. Kila pahali unapoweza kutazama pana seli zake. Ukikusudia kutazama ule mkaratusi, seli za pale zinaamka, na jicho bado halijasonga."

"Na nikilikataza jicho lisiende?"

"Zinaweza kukesha tu. Hata ule mti ukiondolewa, kwa muda zitaendelea kupashikilia pale ulipokuwa. Hazishiki unachokiona, zinashika unakotaka kwenda."

Mchumba wangu alisimama na majani mkononi, mdomo wazi kidogo. Nilikujua kusimama kule. Ndivyo anavyosimama akimaliza sura nzuri.

"Hiyo ni kama hadithi," akamwambia.

Nikaendelea kuchuma, si majani mawili na kichipukizi tena, bali chochote kilichokuja mkononi, yale magumu ambayo karani wa kituo cha kupimia chai huyamwaga chini.

Jumapili, baada ya chakula, dada akatuonyesha mchezo wa maabara yao. Mchumba wangu alikaa katikati, mimi kushoto kwake, dada kulia. Sharti lilikuwa moja: mmoja wetu akiinua kidole, atazame upande wa pili, asikitazame kile kidole. Dada alipoinua chake, macho ya mwanamume yalimkimbilia yeye kwanza, ndipo yakakumbuka kuja kwangu. Nilipoinua changu, yalikwenda kwa dada moja kwa moja, bila kosa hata kidogo.

"Shemeji amefaulu upande mmoja," dada akasema.

"Huyu akikatazwa kukutazama anakutazama," nikasema, "na akiambiwa akutazame anakutazama."

Watu walicheka, senge, yaani shangazi yetu, kuliko wote. Mimi sikucheka.

Tulipokuwa tukiosha vyombo dada alinigusa kwa kiwiko. "Ule ni mshtuko tu. Jicho hurukia kinachosonga, hata la ng'ombe. Kusudi ni kitu kingine."

"Na kusudi la mtu nitalionaje?"

"Hulioni. Unangoja macho yaende."

"Wewe una bahati, unaona ndani."

"Ndani ya shemeji sioni kitu, na wala simtaki. Na ile miguu yake kama ya korongo."

Nikaacha sahani ndani ya maji. Miguu yake alikuwa ameitazama lini?

Siku ya koito sebule ilijaa. Nilikaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Dada alikuwa ng'ambo ya meza, uso kwa uso na kiti cha mchumba wangu, amevaa gauni la manjano. Mchumba wangu aliingia, akasalimu, akanitazama mara moja, akaketi na kuinamisha macho kama inavyompasa kijana mbele ya wakwe. Kisha mzee wa upande wao akaanza kuomba. Aliombea mvua, chai, barabara, wagonjwa, na wanaosoma mbali. Katikati ya maombi senge alifumbua jicho, akaona nilipokaa, akakunja uso. Msichana anayeposwa hakai mlangoni kama mtu anayetaka kutoroka. Akanivuta mkono wa nguo mpaka kwenye kigoda kando ya kogo, nyanya yetu, chini ya dirisha. Nilitembea kwa ncha za vidole.

Sikufumba macho tena. Mwenye wivu hafumbi macho hata kwa maombi. Nilimkazia uso mchumba wangu, nikajiambia: macho yake yakifunguka yakatua kwa dada aliye mbele yake, nitasema wageni hawa siwajui.

"Amina."

Kope zikafunguka. Macho yalimpita dada kama mtu anavyopita njia panda ya kijiji kisicho chake, yakarukia kile kiti cha mlangoni. Kilikuwa kitupu. Yakasita, kama mkono ulionyooshwa gizani kuchukua kiberiti ukakuta kimehamishwa. Ndipo yakaanza kutangatanga, mlangoni, kwa dada, kwa kogo, mpaka yakanipata, yakatulia.

Niligeuka. Dada naye hakuwa amefumba. Alinionyesha kile kiti kwa kidevu na kuinua nyusi, na nikaelewa. Maombi yale yote, nyuma ya kope zilizofungwa, kitu ndani ya kichwa chake kilikuwa kimenishikia nafasi yangu.

Nilifurahi. Lakini iliniuma kwamba furaha hiyo ilinijia kwa lugha ya dada, kwamba ramani yake ilinionyesha ambacho hakuna sentensi yangu iliyowahi kunionyesha, na kwamba yeye ndiye aliyeisoma kwanza.

"Binti," mzee wetu akauliza, "hawa wageni unawajua?"

Nikasimama. Dada naye alikuwa ameinuka, akikiendea kile kiti ili apate upepo wa mlangoni.

"Nawajua," nikasema, kisha nikavuka sebule mbele ya wazee wote, senge akinong'ona jina langu, nikakikalia kabla yake.