Diski Nzito ya Migori

Mimi si mtu wa kuamini upesi, wala sioni haya kusema hivyo. Muuza nyanya akinichekea sana, naanza kuchungulia zilizo chini ya ndoo. Kwa hiyo kompyuta yangu ilipoanza kujizima yenyewe kila baada ya dakika chache, sikumwita fundi kwanza. Nilitafuta diski ya kubebeka, nitoe vitu vyangu kabla mkono wa mtu haujaigusa.

Mama yangu alikuwa mle ndani. Namaanisha sauti yake: kwa miaka kadhaa, kila nilipokwenda kwetu Nyatike, nilimrekodi kwa simu akisimulia alivyoolewa, alivyomzaa kila mmoja wetu, na nani alizikwa wapi katika boma letu. Sasa naye alikuwa amezikwa, na rekodi hizo, nilizokwisha kuzihamisha kutoka kwenye simu, hazikuwa mahali pengine popote. Mume wangu aliniomba mara mbili tuzinakili kwenye kompyuta yake. Nilikataa. Kompyuta yake huazimwa na nusu ya watu wa kanisani.

"Basi nunua diski, tena upesi," akasema. "Akiba haiozi."

Hapa Homa Bay niliingia duka moja karibu na soko. Dada muuzaji alinipa kitu chembamba, chepesi kuliko kipande cha sabuni ya kuogea.

"Hii ni rahisi, mama. Unachomeka tu, inakopi kompyuta zote za nyumbani. Hata fundi huhitaji."

"Mbona nyepesi hivi? Ndani kuna kitu kweli?"

"Za siku hizi ziko hivyo. Wacha niijaze hapa, alafu tufungue pamoja uone."

Nikamtazama. Kitu rahisi, chepesi, na bado anataka kunithibitishia bila kuombwa! Tangu lini mwenye haki akajitetea kabla ya kushtakiwa? Nikamrudishia, nikaaga kwa adabu.

Kwetu watu huosha dhahabu. Baba naye aliiosha, na kabla ya kuipeleka kwenye mizani ya mnunuzi aliipima kiganjani, macho ameyafumba. Rangi hudanganya, alituambia, uzito haudanganyi. Nami nimenunua kwa kiganja maisha yangu yote: vitunguu, sufuria, hata viatu vya harusi.

Wiki iliyofuata nilikuwa Migori. Katika kibanda kimoja karibu na steji, mzee wa makamo alikuwa na diski moja nyeusi, nene. Hakuisifia hata kidogo, na hilo lilinipendeza. Aliposikia natoka Nyatike akaniita binti wa kwao.

"Shika mwenyewe, nyarwa," akasema, akaendelea na chai yake.

Ilitulia mkononi kama jiwe la kusagia. Nilimwuliza kama naweza kuijaribu, akasema stima imepotea tangu asubuhi. Mimi, ninayemshuku hata mchungaji anapofumba macho kuomba, sikuwa na shaka hata chembe.

Nyumbani nilinakili kidogo kidogo, kila kompyuta ilipokubali kuwaka: makaratasi kwanza, kisha picha, kisha video ndefu za mazishi, na mwisho kabisa rekodi za mama kwa mpangilio wa miaka. Nilikagua majina ya faili, yote yalikuwepo. Ndipo nikafuta kila kitu kwenye kompyuta, nikampelekea fundi. Alisema diski yake ya ndani imekufa, akaweka nyingine. Nikamwambia aivunje ile ya zamani kwa nyundo, nikiona.

"Si uweke tu, mama? Haikulii chakula."

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamjibu. "Vunja."

Akavunja.

Mwezi mmoja baadaye nilitamani kumsikia mama. Nilibonyeza rekodi ya siku niliyozaliwa mimi. Kimya. Nikabonyeza nyingine, kimya vilevile. Mume wangu alichukua bisibisi akaifungua ile diski. Ndani mlikuwa na kadi moja ndogo kama ya simu, na kando yake nati mbili kubwa za lori zilizogandishwa kwa gundi. Akanieleza kwamba kadi kama hiyo hupokea majina ya kila kitu, lakini ikishajaa, yaliyomo huyatupa. Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Nililia kuliko nilivyolia siku ya mazishi, maana siku ile nilijua bado ninayo sauti yake.

Nilimlaani mzee wa Migori siku tatu mfululizo. Lakini si yeye aliyesema vunja.

Tulijaribu kila faili, moja baada ya nyingine. Ya mama ilifunguka moja tu, ile ya kwanza kabisa, kabla hajaizoea simu yangu. Inaonekana kadi ilijaa hapo. Sauti inatoka safi, na kuku wanasikika nyuma yake.

"Zima hicho kitu, nyathina, mwanangu," anasema. "Sijui maneno yangu unampelekea nani."

Nasikika nikicheka, nikimbembeleza, nikimwapia kwamba hakuna mtu mwingine atakayeyasikia. Mama ananyamaza mpaka rekodi inakwisha.