Aliyemgeuza Mwalimu

Mtaani walimwita Dobi, na kanisani pia, maana mikono yake ilinuka sabuni hata akiwa amevaa gauni lake jema. Alikuwa mjane asiye na makuu. Watu walimtania kwa jambo moja tu, kuchomoka ibadani kabla ya matangazo. "Dobi kaacha chungu jikoni," walinong'onezana, naye akipita pembeni ya mabenchi kichwa chini kama mwizi wa kuku.

Hakuwa ameacha chungu. Alikuwa akimwahi Mwalimu.

Mwalimu, mama mzee, ndiye aliyewafundisha nusu ya kanisa lile kusali walipokuwa wadogo. Sasa ni mwaka wa nne yuko kitandani, upande mmoja umekufa, sauti imekwenda. Mkwe wake, aliyefiwa na mume, alishinda kiwandani hadi jioni, hata Jumapili. Basi kila siku saa tano na saa nane Dobi aliacha beseni zake, akaingia kwa mlango wa uani, akamgeuza. Alikuwa na namna yake: shuka iliyokunjwa mara nne ilikaa chini ya kiuno cha mgonjwa, yeye akakamata pembe mbili, akavuta kwa pumzi moja, kisha akasukumia mto mgongoni. Miaka minne ngozi ya Mwalimu haikuchubuka hata mahali pamoja. Dobi hakumwambia mtu, na hata mkwe alikatazwa kumtaja. Mwalimu huyo huyo alimfundisha, angali mtoto wa kamasi, kwamba kazi ya Mungu haipigiwi tarumbeta.

Ijumaa moja akateleza kwenye maji ya sabuni, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Hospitali wakamfunga plasta mpaka kwenye kiwiko, wakamwambia wiki sita.

"Nimeomba ruhusa, mama," mkwe alimwambia, macho mekundu. "Msimamizi kasema nikikosa siku moja, nisirudi."

Jumapili ile Dobi alikaa mpaka mwisho wa matangazo. Kisha akamfuata katibu wa akina mama, aliyekuwa akikunja vitambaa vya meza.

"Dada, Mwalimu anahitaji mtu wa kumgeuza mchana."

"Mwalimu? Si yuko vizuri? Tulipompelekea sabuni tulimkuta ngozi laini kama ya mtoto. Yule mkwe wake ana mkono, jamani."

Maneno yalimtoka Dobi kama anayeungama wizi. "Ni mimi huwa namgeuza."

Katibu akamtazama, akacheka kwa upole. "Wewe? Unayetukimbia kila Jumapili?"

"Labda anamfulia," mwenzake akadakia. "Naye ni mgonjwa sasa, tumwonee huruma."

"Pole na mkono, mama," katibu akasema. "Zamu za kutembelea wagonjwa zimejaa mwezi huu, lakini Mwalimu tutamweka kwenye maombi. Mkwe wake angesema kama kuna shida."

Dobi akataka kueleza habari ya shuka, ya saa tano na saa nane. Hakujua aanzie wapi. Miaka minne alikuwa ameificha vizuri mno, na sasa hapakuwa na hata mtu mmoja wa kumshuhudia, ila mgonjwa asiyesema.

Jumatatu saa tano aliingia kwa mlango wa uani. Nyongani pa Mwalimu palikuwa na wekundu, mpana kama kifuniko cha chupa. Akapabonyeza kwa kidole. Haukufifia; ndivyo vidonda vya kulala vinavyoanza.

Akakamata pembe moja kwa mkono wa kushoto, nyingine kwa meno, akavuta. Mwalimu akageuka nusu. Alipoachia ili achukue mto, mwili ukarudi ulipokuwa. Akajaribu tena, na tena. Jasho likamdondokea mgonjwa usoni, na Mwalimu akawa anamtazama tu kwa lile jicho lake zima.

"Nisamehe, Mwalimu," akasema. "Mkono mmoja haunitoshi."

Mara ya nne hakuachia. Akiwa bado ameuma shuka, alipanda kitandani, akajipenyeza mahali pa mto, akageuka, akauegemeza mgongo wake kwenye mgongo wa Mwalimu. Mwili ukakaa. Lakini akisogea tu, ungeanguka.

Nje nguo za watu zilikuwa zimelowekwa, na zilizo kwenye kamba zilianza kupigwa na manyunyu. Aliyasikia kwenye bati. Jioni ilikuwa mbali, na baada ya hapo zilibaki wiki sita kasoro siku tatu. Hakuwa na maombi ya maneno mengi. Alikaa vile vile, plasta mapajani, akisikiliza mgongoni mwake pumzi za Mwalimu zikipungua kasi, mpaka akajua amelala.

Yeye mwenyewe asingeweza kulala. Angeteleza.