Mafuta ya Mbugani

Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa kijiji, na mume wangu mwenyekiti wa kitongoji cha chini, kule kunakoanzia mbuga ya Wembere. Kwa miaka mingi jambo hilo halikumsumbua mtu. Wote wawili walikuwa wa chama kimoja, na mume wangu alimpa baba shikamoo hata kama wamekutana mara tatu kwa siku.

Kisha wakaja watafiti wa mafuta. Walilaza nyaya kukatiza mashamba ya mtama na alizeti, wakapigilia vigingi vyenye vitambaa vyekundu, na mashine zao zilitikisa ardhi hadi vifuniko vya sufuria vikalia jikoni. Hawakuahidi kitu, walisema wanatafuta tu. Lakini vigingi vingi vilikuwa upande wetu wa chini, na kabla hawajafungasha, watu walikuwa wameshaanza kugawana mafuta ambayo hakuna aliyeyaona.

"Shule iko juu, zahanati iko juu, ofisi iko juu," mume wangu alisema nyumbani. "Na mafuta nayo yapande juu?"

Akaanza kukusanya sahihi ili kitongoji kijitenge kiwe kijiji. Baba alipopata habari hakumwita. Aliitisha mkutano mkuu.

Tulikutana uwanja wa shule, asubuhi. Baba alisema kijiji ni kimoja na chama ni kimoja, na kwamba anayetaka kujitenga aeleze amekosewa nini. Watu wa chini wakapiga kelele. Ndipo binamu yangu akaomba kusema. Yeye ni dereva wa malori, anaishi Shelui, na amewahi kupeleka unga hadi Juba.

"Nilifika Juba wakati nchi yao imejitenga," alisema. "Walikuwa wanacheza barabarani, wananikumbatia mimi mgeni. Wanasema mafuta sasa ni yetu. Baadaye nikarudi, nikasimamishwa kizuizini, askari ananiuliza mimi ni wa kiongozi yupi. Watu wale wale waliocheza pamoja wanawindana. Mimi sisemi zaidi."

Mume wangu akasimama.

"Shemeji, wale walijitenga na nchi. Sisi tunajitenga na kijiji. Hakuna mwenye bunduki hapa."

Watu wakacheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichomshinda baba.

Mtendaji wa kijiji akasema kura ipigwe kwa mistari. Wanaotaka kijiji kipya wajipange kuelekea madarasa. Wasiotaka, kuelekea mlingoti wa bendera. Nilikuwa na mtoto mgongoni. Mama yangu alikuwa ameshasimama upande wa mlingoti, na aliacha nafasi mbele yake, kama anavyoniachia kwenye benchi la kanisa.

Watu hupenda kusema kwamba nilimfuata mume. Si kweli. Mafuta pia sikuyawaza. Niliwaza ile njia ya kupanda zahanati. Masika yaliyopita niliipanda nikiwa na uchungu, nikakaa chini mara nne kwenye mawe, na mtoto wangu nusura azaliwe hapo. Mume wangu alikuwa ameahidi kwamba kijiji kipya kitajenga zahanati yake. Nikaenda kujipanga kuelekea madarasa. Mama akasogea, akaziba ile nafasi. Baba alikuwa anaongea na mtendaji na hakugeuka, ingawa aliniona.

Mstari wetu ulikuwa mrefu zaidi. Barua zikaenda wilayani, zikakaa, zikarudi, zikaenda tena. Mwishowe tukapata kijiji, na mume wangu akachaguliwa mwenyekiti. Watafiti walirudi mara moja, wakapima, wakaondoka. Tukiuliza tunaambiwa utafiti unaendelea. Zahanati yetu imefika usawa wa madirisha na imesimama hapo. Tunapanda ileile ya juu, ambako sasa tunaandikwa kwenye daftari kama watu wa kijiji jirani.

Baba hakukanyaga kwangu mavuno mawili. Nikienda kwao alinipokea vizuri, akamuulizia mtoto, lakini jina la mume wangu halikupita mdomoni mwake. Halafu ng'ombe wa wafugaji waliingia kwenye shamba lililo kwenye mpaka mpya, nusu yake kijijini kwa baba, aliyekuwa bado mwenyekiti, nusu kwetu, na hakuna kijiji ambacho kingeweza kuamua kesi hiyo peke yake. Baba akaja saa za mchana, kwa miguu, na fimbo yake.

"Shikamoo baba," mume wangu alisema, akisimama.

"Marahaba, mwenyekiti."

Mume wangu alibaki amesimama, hajui kama ametukanwa au ameheshimiwa. Baba akajivutia kigoda mwenyewe na kukaa. Niliwaletea maji ya kunawa, kisha ugali wa mtama na mlenda. Walikula sahani moja, wakizungumzia ng'ombe, na walipomaliza waliondoka pamoja kwenda kuliona shamba.